Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vyuo: Tupeni Jioni Moja Isiyo na Deni

Kwa Wakuu na Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu, wajumbe wa Seneti, Washauri wa Wanafunzi, na viongozi wa wizara zinazosimamia elimu na utamaduni.

Waheshimiwa,

Naandika kuomba jambo moja ambalo linaweza kuingizwa kwenye ratiba ya chuo kwa mstari mmoja: kwamba katika kila wiki ya masomo iwepo jioni moja isiyo na kipindi, isiyo na jaribio, isiyo na tarehe ya mwisho ya kukusanya kazi wala kikao kilichoitishwa na mhadhiri, na kwamba jioni hiyo kitambulisho cha mwanafunzi kimfungulie mlango wa jumba la sinema, nyumba ya sanaa au ukumbi wa michezo ya kuigiza, bure au kwa kiingilio ambacho hatalazimika kukifikiria mara mbili. Mengine yote nitakayoyasema ni sababu za ombi hili na tahadhari za namna ya kulitekeleza, kwa maana ni ombi dogo linaloharibika upesi likishikwa vibaya.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ambaye pia husaidia kusahihisha kazi za wanafunzi wa shahada ya kwanza. Kukaa hapo katikati kunanionyesha pande zote mbili. Naujua uchovu wa anayeandika usiku wa manane, na najua jinsi uchovu huo unavyoonekana kwenye karatasi: sentensi iliyoanza vizuri ikaishia njiani, hoja iliyorudiwa mara tatu kwa sababu mwandishi hakukumbuka kwamba ameshaisema, na mara nyingine ombi la kuongezewa muda lililoandikwa kwa unyenyekevu unaotia huruma kuliko kazi yenyewe.

Hali hii imekwisha kupimwa. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kupima afya ya akili, ambao uliwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza karibu 14,000 katika vyuo 19 vya nchi 8. Takriban 35% kati yao walionyesha kwamba wamewahi kupata angalau tatizo moja la afya ya akili katika maisha yao, na takriban 31% kwamba walikuwa nalo ndani ya miezi 12 iliyotangulia. Mtaona kwamba walioulizwa walikuwa wa mwaka wa kwanza, watu ambao hawajaandika tasnifu, hawajatafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo, wala hawajaanza kuulizwa na ndugu zao watamaliza lini.

Sichanganyi msongo wa mawazo na ugonjwa. Msongo ni namna mwili unavyojiandaa kukabili jambo gumu: ubongo hutoa amri, tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni za adrenalini na kotisoli, moyo huenda mbio, na akili hulikodolea macho jambo moja tu. Kwa mtihani wa saa tatu utaratibu huu ni msaada mkubwa. Shida huanza pale jambo gumu linapokosa mwisho unaojulikana, na kazi ya mwanafunzi ndivyo ilivyo. Mwenye duka hufunga mlango jioni na muuguzi humkabidhi mwenzake zamu, lakini mwanafunzi hana saa ya kufunga, kwa kuwa daima ipo sura ambayo hajaisoma na rejea ambayo angeweza kuiongeza. Kila saa anayopumzika huhesabika kichwani mwake kama deni atakalolilipa usiku. Mtu akipumzika kwa namna hiyo huwa ameacha kufanya kazi bila kuanza kupumzika.

Tunachopewa na ofisi zenu kwa kawaida ni bango lenye picha ya mtu anayetabasamu na maneno ya kututaka tujijali, pamoja na semina ya kupanga muda, ambayo mara nyingi hufanyika katika saa ambayo mwanafunzi mwenye kupanga muda wake alikuwa ameipangia jambo jingine. Sibezi nia iliyo nyuma ya mambo hayo. Ila yote mawili humwachia mwanafunzi peke yake jukumu la kupunguza mzigo ambao hakujitwisha mwenyewe, na yote mawili hufika wiki ya mitihani, wakati ambapo hakuna ushauri unaoweza kusikika.

Kwa nini basi filamu, picha na jukwaa, ilhali kuna michezo ya viwanjani, kwaya, matembezi na usingizi? Hivyo vyote vinafaa, na usingizi haushindwi na chochote. Lakini kichwa chenye msongo hakipumziki kwa kuachwa kitupu. Mwambie mwanafunzi aketi kimya atulie, na papo hapo mtihani wa Ijumaa huja kuketi naye; huanza kujitafuna, kurudia yaleyale aliyokosea na yaleyale anayoyaogopa, na wataalamu wa saikolojia wamekwisha kuonyesha kwamba kujitafuna huko ni miongoni mwa njia kuu zinazoutoa msongo kwenye siku moja mbaya na kuufikisha kwenye ugonjwa wa sonona, yaani huzuni nzito ya muda mrefu. Anachohitaji ni kitu kitakachoishika akili yake bila kuidai chochote. Sanaa nzuri hufanya hivyo hasa. Inakushika kwa nguvu, na ikimaliza haikuulizi swali hata moja.

Ifikirieni sinema. Mtu huingia katika ukumbi ambamo taa huzimwa na simu huzimwa, akaketi mbele ya hadithi yenye mwanzo na mwisho, na kwa muda wa saa mbili hakuna mtu duniani anayetarajia jibu kutoka kwake. Kwa mwanafunzi wa leo, ambaye ujumbe wa kundi la darasa humfuata hadi kitandani, saa mbili za kutopatikana kwa sababu inayokubalika na kila mtu ni jambo adimu. Zaidi ya hayo, anabeba mashaka ya mtu mwingine. Anahangaika na mhusika ambaye hana mtihani wa takwimu, anatishika kwa ajili yake, anacheka naye, na pengine analia. Kuna wanafunzi ambao hawajaruhusu machozi tangu muhula ulipoanza, kwa kuhofia kwamba wakianza hawatanyamaza. Gizani wanaweza kulia kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, na hakuna atakayewauliza sababu.

Najua jibu litakalokuja hapa, kwamba wanafunzi tayari wanatazama filamu kila usiku kwenye kompyuta na simu zao. Ni kweli, na mimi ni mmojawapo. Lakini mtu anayetazama filamu kwenye kompyuta ileile yenye kazi ambayo hajaimaliza, akiwa kwenye kitanda kilekile anachosomea, huku akisitisha kila dakika chache ili asome ujumbe, hajatoka popote. Dirisha la kazi lipo nyuma ya dirisha la filamu, umbali wa kubofya mara moja tu. Mara nyingi anachokipata ni kuchelewa kulala na kujilaumu asubuhi. Kuondoka kwenda mahali pengine, kuketi na watu, kusubiri taa zizimwe na kurudi kwa miguu mkizungumza juu ya mlichokiona ni nusu ya nafuu yenyewe, na nusu hiyo haipatikani chumbani.

Nyumba ya sanaa hufanya kazi kwa namna tofauti, na binafsi naiona ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, labda kwa sababu wengi tulipelekwa makumbusho tukiwa watoto, kwenye mstari, tukiwa na daftari la kunakili maelezo yaliyobandikwa ukutani. Ondoeni daftari na mstari, kisha tazameni kinachobaki. Mtu anatembea polepole katika vyumba tulivu, anasimama anapotaka, anapita asipovutiwa, na hakuna anayempima kwa idadi ya vitu alivyovitazama. Wanasaikolojia wa Marekani Rachel Kaplan na Stephen Kaplan walitofautisha umakini wa aina mbili: ule tunaoulazimisha, kama wa kusoma kitabu kigumu, ambao huchoka, na ule unaovutwa wenyewe na kitu cha kupendeza, ambao huupa ule wa kwanza nafasi ya kupona. Walianza kwa kuyachunguza mazingira ya asili, miti na maji, lakini mwaka 1993 Stephen Kaplan na wenzake waliandika kwamba makumbusho nayo yanaweza kuwa mahali pa kuponea, hasa kwa watu waliokwisha kuyazoea na kujisikia wenyeji ndani yake. Maneno hayo ya mwisho yana uzito kwa ombi langu. Mtu hawi mwenyeji wa mahali kwa ziara moja ya siku ya ufunguzi. Anakuwa mwenyeji kwa kurudi.

Upo pia uchunguzi wa mwaka 2006 wa Angela Clow na Cathrine Fredhoi, waliowapeleka wafanyakazi wa ofisi za London katika nyumba ya sanaa wakati wa mapumziko ya mchana, kwa muda upatao dakika 35, na kuyapima mate yao kabla na baada. Kiwango cha kotisoli kilishuka haraka, na wenyewe walieleza kwamba wanajisikia kupungukiwa na msongo. Walikuwa watu wachache, wasiofika 30, na hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha nalo, kwa hiyo sitaki kuugeuza uchunguzi huo kuwa hati ya mahakama. Nautaja kwa sababu ya dakika zake. Muda wa chakula cha mchana ulitosha, na vyuo vingi tayari vina picha na vinyago vilivyofungiwa katika vyumba vya mikutano ambavyo mwanafunzi haingii.

Kuhusu jukwaa nitasema machache zaidi, maana ndilo lililo ghali kuliko yote na ndilo linalokatwa kwanza bajeti inapopungua. Katika mchezo wa kuigiza kuna mtu aliye hai mbele yako, anayeweza kusahau maneno, anayetokwa na jasho, anayesikia kicheko chako na kukipa nafasi kipite kabla ya kuendelea. Mtazamaji anakuwa sehemu ya tendo hilo bila kuinuka kwenye kiti chake. Kwa mwanafunzi ambaye siku yake nzima imepita akitazama maandishi, kuwamo katika chumba kimoja na watu wanaoshusha pumzi kwa wakati mmoja ni dawa ya upweke kabla haijawa dawa ya msongo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani, waliwahi kutumia kura kuwagawa wanafunzi wa shule, baadhi wakaenda kutazama mchezo jukwaani na wengine wakatazama filamu ya hadithi hiyohiyo. Waliokwenda kwenye mchezo walionyesha uwezo mkubwa zaidi wa kujiweka katika mawazo ya mtu mwingine. Utafiti huo haukupima msongo, nami sitadai kwamba ulipima. Ila chuo ambacho wanafunzi wake wanasoma kandokando kwa miaka mitatu bila kujuana majina kingefanya vyema kuutafakari.

Waliotutangulia hawakuhitaji kupima mate ya mtu ili waufikie uamuzi huu. Huko Epidaurus katika Ugiriki, ukumbi mkubwa wa michezo ya kuigiza uliojengwa katika karne ya 4 kabla ya Kristo umesimama hadi leo ndani ya eneo takatifu la Asclepius, mungu wa uponyaji, mahali ambapo wagonjwa walifika kutoka mbali kutafuta nafuu. Na katika Athens ya karne hiyohiyo palikuwa na mfuko wa umma uliowalipia raia kiingilio wakati wa sikukuu za michezo ya kuigiza, ili ufukara usimzuie mtu kuhudhuria. Wanasiasa wao waligombana sana juu ya mfuko huo, hasa vita vilipohitaji fedha, jambo linalonifariji kidogo nikifikiria mjadala utakaofuata katika Seneti.

Naomba sasa nizungumzie ushahidi mkubwa zaidi tulio nao, pamoja na kasoro yake. Daisy Fancourt na mwenzake wa chuo cha University College London waliwafuatilia kwa miaka 10 watu 2,148 wa Uingereza wenye umri wa miaka 50 na zaidi, ambao mwanzoni hawakuwa na sonona. Waliokwenda sinema, nyumba za sanaa au kumbi za michezo ya kuigiza kila baada ya miezi michache walikuwa na uwezekano mdogo kwa 32% wa kupata sonona, na waliokwenda angalau mara moja kwa mwezi, mdogo kwa 48%, hata baada ya kuzingatia mali, elimu, afya na maisha yao ya kijamii. Nchini Norwe, uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 50,000 uliwakuta wanaoshiriki mambo ya utamaduni wakiwa na wasiwasi na sonona kidogo zaidi. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, kanda ya Ulaya, lilitoa mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, yaliyohitimisha kwamba sanaa ina nafasi katika kuzuia maradhi na katika kusaidia matibabu.

Kasoro yake ni kwamba wale wa Uingereza walikuwa wazee, na kwamba tafiti za kufuatilia watu haziwezi kuthibitisha kabisa kipi kilisababisha kipi; inawezekana mwenye moyo mzito ndiye asiyetoka nyumbani. Mjumbe yeyote wa Seneti aliyefundishwa takwimu atalisema hilo, na atakuwa na haki. Jibu langu ni kwamba chuo ndicho mahali panapoweza kulimaliza shaka hilo. Mna watafiti, mna wanafunzi, mna kamati za maadili ya utafiti. Jaribuni mpango huu katika vitivo vichache kwa mwaka mmoja, vingine vifuate mwaka unaofuata, na mlinganishe kwa haki.

Kabla sijaendelea, lipo jambo ambalo ningependa lisieleweke vibaya hata kidogo. Sanaa haichukui nafasi ya mshauri nasaha wala daktari wa akili. Mwanafunzi asiyelala kwa wiki kadhaa, aliyepoteza hamu ya kila kitu au anayefikiria kujidhuru anahitaji mtaalamu, na anamhitaji leo. Ikiwa ombi langu litatumika kama kisingizio cha kupunguza washauri kwa madai kwamba sasa wanafunzi wana filamu, basi bora barua hii itupwe. Mwaka 2018 huko Montreal, Kanada, makumbusho ya sanaa ya mji yaliingia katika mpango na chama cha madaktari wanaozungumza Kifaransa ili daktari aweze kumwandikia mgonjwa ziara ya bure ya makumbusho pamoja na matibabu yake. Neno la kushika hapo ni “pamoja”.

Nije kwenye muda, ambao ndio kiini cha ombi. Tikiti bila muda ni karatasi. Nchi kadhaa za Ulaya zimejaribu kuwapa vijana fedha za utamaduni wanapofikisha miaka 18: Italia ilianza mwaka 2016 kwa yuro 500, Ufaransa ikaeneza mpango wake nchi nzima mwaka 2021 kwa yuro 300, Hispania mwaka 2022 kwa yuro 400, na Ujerumani mwaka 2023 kwa yuro 200. Ni ukarimu wa kweli. Lakini huko Italia baadhi ya vijana waliuza vocha zao kwa fedha taslimu, na huko Ufaransa sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwenye vitabu, hasa vya katuni, badala ya kumbi. Sioni ubaya wowote katika kitabu cha katuni. Hispania iliona mbali kidogo ilipotenga sehemu ya fedha hizo, yuro 200, kwa ajili ya maonyesho ya ana kwa ana, makumbusho na sinema. Hata hivyo hakuna vocha iwezayo kumpa mwanafunzi jioni. Jioni ipo mikononi mwa anayepanga ratiba, na katika chuo huyo ni nyinyi.

Atakayesema kwamba mtaala ni mpana na hakuna nafasi, namwomba afanye jambo moja: achukue tarehe za kukusanya kazi za kozi zote za mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili na aziweke kwenye kalenda moja. Kwa kawaida ataona wiki tatu tupu zikifuatwa na wiki moja yenye kazi nne na jaribio, kwa sababu kila mhadhiri amepanga tarehe yake bila kujua ya mwenzake, na wote wameipenda Ijumaa ileile. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Hakuna tu ambaye kazi yake ni kuitazama wiki nzima kwa macho ya mwanafunzi. Jioni moja isiyoguswa ingewalazimisha wakuu wa idara kuketi pamoja na kuitazama, na huenda faida ya kikao hicho ikaizidi hata ya sinema yenyewe.

Sasa namna ambavyo jambo hili linaweza kuharibika. Msilitie alama. Msipitishe karatasi ya mahudhurio mlangoni. Msimwagize mwanafunzi aandike kurasa mbili juu ya alichojifunza katika mchezo, maana mkifanya hivyo mtakuwa mmemwongezea kozi, naye atakaa gizani akitafuta nukuu. Msichague filamu zenye mafunzo tu. Najua kamati itakavyovutwa kuweka filamu ya kuhamasisha juu ya kijana maskini aliyesoma kwa bidii akafanikiwa, lakini mtu aliyechoka kusoma hahitaji kutazama mtu mwingine akisoma. Wekeni vichekesho. Wekeni hadithi za mapenzi, za kutisha, za watu wa zamani na wa nchi ambazo hatujazifikiria. Serikali ya wanafunzi ipewe sauti ya kweli katika uchaguzi, na atakayetaka kuitumia jioni yake kulala alale, bila kuulizwa na bila kuhesabiwa katika ripoti kama mtu aliyekosa shukrani.

Kuhusu gharama, sehemu kubwa ya vinavyohitajika mnavyo tayari. Ukumbi wa mihadhara wenye viti vilivyopanda ngazi, projekta na spika ni sinema inayosubiri mtu azime taa, mradi chuo kilipie haki ya kuonyesha filamu hadharani, kwani nakala iliyonunuliwa kwa matumizi ya nyumbani haitoi ruhusa hiyo, na taasisi ya elimu haipaswi kuwa ya kwanza kuwanyima wasanii haki yao. Idara za sanaa huchora na kuchonga kila muhula, kisha kazi hizo husahihishwa na kurundikwa stoo. Vikundi vya maigizo hufanya mazoezi kwa miezi na kuonyesha mara mbili. Mazoezi ya mwisho yangeweza kufunguliwa kwa wote bila kiingilio. Kwa kumbi zilizo nje ya chuo, viti vingi hubaki vitupu siku za katikati ya wiki, na mkataba wa kuwauzia wanafunzi viti hivyo kwa bei ndogo dakika za mwisho hautamtia hasara mwenye ukumbi. Serikali nazo zina mifano ya kutazama: makumbusho ya taifa ya Uingereza yaliondoa kiingilio cha maonyesho yake ya kudumu mwaka 2001, na yale ya taifa ya Ufaransa huwapokea bure tangu mwaka 2009 vijana wenye umri chini ya miaka 26 wanaoishi katika Umoja wa Ulaya.

Kuna wanafunzi ambao mpango wowote wa jioni utawaacha nyuma msipowafikiria mapema. Yupo anayefanya kazi usiku ili alipe ada, anayerudi nyumbani mbali kwa usafiri wa mwisho, na anayelea mtoto. Kwa hao kuwe na onyesho la mchana na chumba cha picha kilicho wazi siku nzima. Asiyesikia anahitaji maandishi chini ya filamu au mkalimani wa lugha ya alama kando ya jukwaa, na anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji mlango unaofikika, usiwe ule wa nyuma kupitia jikoni. Yupo pia mwanafunzi ambaye hajawahi kuingia nyumba ya sanaa na anadhani kuna namna ya kuvaa na kuzungumza humo asiyoijua. Huyo anahitaji mwenzake wa kumshika mkono mara ya kwanza, na vyama vya wanafunzi vinaweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko ofisi yoyote. Katika majaribio yaliyofanywa na watafiti walewale wa Arkansas kwa wanafunzi wa shule karibu 11,000 waliopelekwa, au kusubiri kupelekwa, kwenye makumbusho ya sanaa, walionufaika zaidi katika kutazama na kuchambua walikuwa wale wa vijijini na wa shule zenye umaskini mwingi. Hivyo atakayebaki nje ya mlango kwa kukosa wa kumwingiza huenda ndiye aliyekuwa wa kunufaika kuliko wote.

Sidhani kwamba naomba fadhila. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ambalo vyuo vyetu hulifundisha na kulitungia maswali ya mtihani, linataja katika ibara ya 24 haki ya kila mtu kupumzika na kuwa na wakati wa faragha, na katika ibara ya 27 haki ya kushiriki kwa uhuru maisha ya utamaduni na kufurahia sanaa. Hakuna ibara inayosema haki hizo husimamishwa mtu anapojiandikisha chuo.

Kwa hiyo naomba mambo haya yafike kwenye ajenda ya Seneti kabla ratiba ya mwaka ujao wa masomo haijachapishwa: kwanza jioni moja ya wiki itajwe kwa jina la siku yake na ilindwe, kisha idara zishirikishane tarehe za kukusanya kazi, kisha ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, pamoja na serikali ya wanafunzi, ipewe fungu dogo la fedha kwa ajili ya haki za filamu, mikataba na kumbi na usafiri wa kurudi usiku. Kwa wizara, ombi ni kwamba kitambulisho cha mwanafunzi kitambuliwe katika kila makumbusho na ukumbi unaoendeshwa kwa fedha za umma.

Mkilikataa ombi hili, naomba mlikatae kwa maandishi na hadharani, pamoja na sababu zenu, ili tuweze kulijadili na kulirekebisha. Mkilikubali, tunaomba mtutangazie siku mliyoichagua mapema, maana tutahitaji kupanga nani atazima taa.

Kwa heshima,

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili na msaidizi wa kufundisha